Maswali ya Wasomaji: Kifo, Msiba Mkubwa na Kile Kinachobaki

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa watu waliofikwa na vifo vya ghafla vya watu wengi, au wanaokiona kifo chao wenyewe kikikaribia. Tumechagua saba, tukazifupisha na kuondoa majina.

Nilikuwa kwenye basi lililopinduka. Abiria kumi na mmoja walifariki, mimi nikatoka na mkono uliovunjika. Miezi minne imepita. Kila anayeniona ananiambia Mungu ameniacha kwa kazi maalumu. Kazi hiyo siioni, na kila siku ninavyoikosa najiona mdeni. Niliyekaa naye tulikuwa tumebadilishana viti. Yeye amekufa, mimi nipo. Laiti ningemwambia dereva apunguze mwendo. Kwa nini yeye, si mimi?

Pole sana, ndugu yetu. Katika barua yako mna maswali matatu yaliyosukwa pamoja, na kinachokuchosha ni kuyatafutia yote jibu moja. La kwanza linahusu chanzo: basi lilipinduka kwa nini? La pili linahusu mgawanyo: kwa nini kifo kilimfuata yule, kikakuacha wewe? La tatu ndilo la maana: sasa niishije? Chukua karatasi tatu, kila swali liwe na yake. Andika dakika 15 hadi 20 kwa siku, mchana, si karibu na kulala. Ukiona wazo limeangukia karatasi isiyo yake, lihamishe.

Swali la chanzo lina majibu, nayo yako nje ya kichwa chako: breki, matairi, mwendo, barabara, saa ambazo dereva hakulala. Wenye kulijibu ni wachunguzi. Wewe toa ushahidi wa ulichokiona, kwa maandishi, ubaki na nakala. Na ile "laiti" yako ipimwe kwenye karatasi hii. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwamba mtu akishajua jambo lilivyoishia, huamini kuwa dalili zake zilikuwa wazi mapema kuliko zilivyokuwa, wala hatambui kwamba mawazo yake yamebadilishwa na matokeo. Majuto ni mjukuu kwa sababu hiyo hasa: yanakuja na habari ambayo wewe hukuwa nayo. Kwa hiyo andika yale tu uliyoyajua dakika ile. Mwendo ulionekanaje? Kuna abiria mwingine aliyelalamika? Umeshapanda mara ngapi basi lenye mwendo kama ule likafika salama? Neno lolote ulilolijua baada ya ajali, likate.

Swali la pili halina jibu la aina unayoitafuta. Kiti kile kiliumia kwa sababu ya upande ambao basi liliangukia, basi. Watu wamelihangaikia swali hili zamani sana. Asubuhi ya Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Lisbon, Ureno, watu wakiwa makanisani. Yakafuata mawimbi ya bahari, kisha moto. Wahubiri walisema ni adhabu, mwandishi Mfaransa Voltaire akapinga kwa shairi, na mwaka uliofuata mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant akaandika makala akilieleza tetemeko kama tukio la ardhi yenyewe. Hawakuafikiana. Lakini Lisbon ilijengwa upya kwa nyumba zenye fremu ya mbao ndani ya kuta, iliyoundwa ili istahimili mtikisiko. Swali la "kwa nini hawa" lilibaki wazi. Swali la "sasa tufanye nini" lilijibiwa na mafundi. Kama imani yako inakupa jibu la "kwa nini hawa", lishike. Tunachokikataa ni mtu mwingine kukupachikia jibu ambalo wewe mwenyewe hujalifikia.

Sasa kuhusu ile "kazi maalumu". Deni lisilo na kiasi halilipiki, na hilo ndilo ulilotwikwa na watu wenye nia njema. Lipunguze liwe jambo moja lenye mwisho, linaloweza kukamilika ndani ya wiki nne, na ambalo yupo mtu wa kukabidhiwa. Hapa uko karibu na jambo kubwa: wewe ndiye uliyesikia maneno ya mwisho ya yule jirani yako wa kiti. Familia nyingi za waliokufa ghafla hutamani mno kujua saa za mwisho zilikuwaje. Tafuta mtu wa kati awaulize kama wangependa kupata habari hizo. Wakikubali, andika ukurasa mmoja: mlizungumza nini, alicheka nini, alisema anakwenda wapi. Majeraha usiyataje wasipouliza. Habari ya kubadilishana viti nayo ngojea waiulize, na wakiuliza usiwafiche; ukiitoa mwenyewe ili upate msamaha, utakuwa umewapa wafiwa kazi ya kukufariji wewe.

Jihadhari na nadhiri kubwa. Kuacha kazi, kugawa mali, kuoa au kuacha ndoa kwa sababu "maisha ni mafupi" ni maamuzi yasiyorudi nyuma. Lolote linaloweza kungoja lingoje miezi 6 tangu ajali. Na usijilazimishe kutoka humo ukiwa mtu bora. Wanasaikolojia Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, waliotunga mwaka 1996 kipimo cha ukuaji baada ya maafa, walieleza ukuaji huo kuwa unakwenda pamoja na maumivu, na si kila mtu huupata. Asiyeupata hajashindwa.

Jambo la mwisho kwako, nalo si dogo. Ndoto za ajali, kushtuka ovyo na kuogopa kabisa kupanda gari, vikiendelea zaidi ya mwezi 1, ni sababu ya kumwona daktari au mshauri nasaha, na matibabu yapo. Ukijikuta unawaza kujiua, au kwamba ingekuwa heri ungekufa nao, mwambie mtu leo hii, asikuache peke yako, mwende pamoja kituo cha afya.

Nimesoma kwamba maombolezo yana hatua tano. Mwezi wa pili huu tangu tufiwe na hasira sijaiona. Nimekwama?

Hujakwama. Hatua hizo (kukana, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali) zilitangazwa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, naye alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanaelekea kufa, si wafiwa. Maelezo yanayotusaidia zaidi ni ya watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut, ya 1999: mfiwa huenda na kurudi kati ya kuliuguza pengo na kushughulikia maisha yaliyobadilika, wakati mwingine mara kadhaa kwa siku moja. Kulia asubuhi na mchana ukaenda kulipa ada ya mtoto si unafiki. Wasiwasi uanze pale unapokwama upande mmoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu 2022 hauhesabu maombolezo kuwa ugonjwa kabla ya miezi 6 kupita. Ule wa madaktari wa akili wa Marekani, kwa mtu mzima, hungoja miezi 12. Na hata baada ya hapo kinachotazamwa ni kama hamu ya marehemu inakushika karibu kutwa nzima na shughuli za kila siku zimekushinda.

Mafuriko yamewachukua watoto wawili wa darasa la mwanangu. Ana miaka sita. Ameniuliza, "Mama, na wewe utakufa?" Nikamjibu hapana, sitakufa. Tangu hapo anauliza kila usiku.

Anauliza kila usiku kwa sababu jibu halilingani na alichokiona. Rudi umrekebishie, mama, leo hata kesho, mchana, mkiwa mnafanya jambo jingine pamoja.

Mtoto hujifunza mambo manne kuhusu kifo: kwamba hakirudi nyuma, kwamba mwili unaacha kufanya kazi kabisa, kwamba kila kilicho hai hufa, na kwamba kifo kina sababu. Wengi huyapata kati ya miaka 5 na 7, hivyo wako yuko katikati. Huenda analo moja na hana jingine. Sema kwa sentensi fupi: "Nilikuambia sitakufa. Si sahihi. Watu wote hufa siku moja. Mimi ni mzima, na nategemea kuwa nawe mpaka uwe mkubwa sana. Ikitokea jambo, fulani na fulani watakutunza." Hayo majina mawili ndiyo uzito wa jibu lote. Swali la mtoto wa umri huu, chini yake, mara nyingi ni "nani atanitunza?" Kwa hiyo kabla ya kumtajia watu hao, zungumza nao, wawe wamekubali.

Usiseme wenzake "wamelala", maana ataogopa kitanda. Usiseme "wamesafiri", maana atawangoja. Ukisema "Mungu amewapenda zaidi", anaweza kuogopa kupendwa. Sema: "Maji yalikuwa mengi, hawakuweza kupumua, miili yao ikaacha kufanya kazi. Haiumii tena." Kisha muulize jambo ambalo wazazi wengi hulisahau: "Kuna kitu unadhani ulifanya au ulisema kikaleta hili?" Watoto hujilaumu kwa mambo ya ajabu, kama vile kugombania kalamu na marehemu siku moja kabla, na hawasemi wasipoulizwa.

Dakika tatu hadi tano zinatosha, halafu mwache akacheze. Akirudia swali, rudia jibu kwa maneno yaleyale. Kukojoa kitandani au kung'ang'ania nguo yako kwa wiki kadhaa ni kawaida. Akiacha kula, kucheza au kuzungumza, tafuta msaada bila kungoja.

Tangu janga lile litokee natazama video zake kwenye simu mpaka usiku wa manane. Nikizima nahisi nawasaliti waliokufa.

Baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za marathoni za Boston, Marekani, Aprili 15, 2013, watafiti Alison Holman, Dana Rose Garfin na Roxane Cohen Silver waliwapima watu waliokuwepo na wale waliofuatilia kwa mbali. Waliotazama na kusikiliza habari za tukio saa 6 au zaidi kwa siku katika wiki ile ya kwanza waliripoti msongo mkali kuliko waliokuwa eneo la mlipuko. Kwa hiyo kinachokupata hukukibuni. Soma habari badala ya kutazama, mara mbili kwa siku, dakika 15 kila mara, na zima mpangilio unaofungulia video inayofuata yenyewe. Saa moja kabla ya kulala simu iwe chumba kingine. Ule uaminifu kwa waliokufa ni mzuri, usiuzime. Uelekeze kwa mmoja wao. Jifunze alivyoishi, kisha fanya jambo moja kwa walio hai: changia damu, au tuma mchango kwa mtu unayejua atakayeupokea.

Nina saratani ambayo madaktari wamesema haitapona. Nataka kuwaachia wanangu neno, lakini kila nikishika kalamu nakwama. Nianzie wapi?

Weka kalamu chini, uzungumze. Daktari Harvey Max Chochinov wa Kanada alitengeneza utaratibu kwa ajili ya watu walio katika hali yako: mgonjwa anaulizwa maswali akirekodiwa, mazungumzo yanaandikwa na kusafishwa, anasomewa, anarekebisha, kisha anayakabidhi kwa wale aliowachagua. Katika matokeo aliyochapisha 2005, kati ya wagonjwa 100 walioshiriki, 91 kwa mia waliridhika na 76 kwa mia waliona heshima yao imeongezeka. Jaribio kubwa zaidi la 2011 halikuonyesha kwa vipimo kwamba unapunguza dhiki kuliko huduma nyingine, ingawa waliopitia utaratibu huu walisema umewafaa. Kwa hiyo usiufanye kwa kutegemea kwamba utaondoa huzuni. Ufanye kwa sababu unaacha kitu mkononi mwa mtu.

Nyumbani unafanyika hivi. Mchague wa kukuuliza, na asiwe yule atakayelia kuliko wote. Rafiki wa zamani hufaa kuliko mtoto. Chagua saa ambayo dawa ya maumivu imeshika na usingizi haujaja. Simu iwe mezani, kama sentimita 30 kutoka mdomoni. Rekodi dakika 1, sikilizeni kwanza, ndipo muanze. Msizidi dakika 60. Maswali yawe machache: Ni wakati gani wa maisha yako ulijisikia uko hai kuliko mwingine wowote? Ni kazi gani, kubwa au ndogo, unayotaka ijulikane kuwa uliifanya? Kuna jambo ambalo hukuwahi kumwambia fulani, au unataka kulisema tena? Umejifunza nini ambacho ungependa wengine wakichukue? Unawatakia nini?

Saa moja ya mazungumzo huchukua saa 4 hadi 6 kuandikwa, na aifanye kazi hiyo mtu ndani ya siku mbili tatu, wakati bado una nguvu za kurekebisha. Aondoe marudio na apange mfuatano, lakini asipambe lugha. Wanao wanataka sauti yako, si ya mwandishi. Kila sentensi inayoweza kumuumiza mtu, akuulize: "Hili libaki?" Hapo ndipo utaratibu huu huharibika. Neno la uchungu lililotoka siku ya maumivu makali linasomwa na mtoto kwa miaka 40, na hana pa kujibia.

Amri nazo ni hatari. "Uwe daktari", "usimwache mdogo wako kamwe", "baba yenu asioe tena": maneno ya anayekufa hayakatiwi rufaa, na aliyeachiwa huweza kuishi chini yake mpaka uzeeni. Waeleze ulivyokuwa wewe, na kwa nini ulichagua ulichochagua. Barua za kila siku ya kuzaliwa mpaka miaka 30 hatuzipendekezi. Mtoto anakua anakuwa mtu usiyemjua, na barua ya ishirini inamzungumzia mgeni. Mbili au tatu zinatosha.

Chapisha nakala za karatasi, na sauti iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba yako. Nywila ya simu aijue mtu. Mali iwe kwenye wosia wa kisheria peke yake, usiichanganye na maneno haya, yasije yakaishia mikononi mwa mawakili.

Mume wangu alikuwa kwenye meli iliyozama. Mwili haujapatikana, mwaka wa pili huu. Ndugu zake wanataka tufanye ibada na "tufunge jambo". Nikikubali naona kama ndiye mimi ninayemuua.

Dada yetu, hili ni zito kuliko mazishi, wala si udhaifu wako. Mtafiti Pauline Boss alianza kulichunguza miaka ya 1970 kwa familia za wanajeshi wa Marekani waliopotea Vietnam, akaona kwamba msiba usio na uhakika hauna mlango wa kufungwa, na kumlazimisha mtu aufunge humkwamisha zaidi. Kinachosaidia ni kuyabeba mawili kwa pamoja: "Huenda amekufa, huenda sitajua kamwe; na mimi ninaendelea kulea." Hakuna haja ya kuchagua moja.

Kwa ndugu zake, pendekeza mkutano wa kumshukuru kwa maisha aliyoishi mpaka siku aliyopanda meli, na msemaji aambiwe mapema asitamke "marehemu". Watakubali wengi, kwa kuwa nao wanatafuta pa kumlilia. Upande wa sheria ni jambo jingine kabisa: mahakama inaweza kumhesabu mtu kuwa amekufa ili mirathi, akaunti na haki za watoto zishughulikiwe, na masharti hutofautiana nchi kwa nchi. Ukisaini karatasi hiyo unafungua akaunti; moyo wako hauna wajibu wa kusaini.

Hakikisheni pia sampuli za vinasaba (DNA) zimetolewa kwa mamlaka. Za wazazi wake na watoto wake ndizo zenye msaada mkubwa. Mswaki na kitana chake visioshwe. Viweke vikiwa vikavu katika bahasha za karatasi, kila kimoja na yake, kwani plastiki hutunza unyevu na kuviharibu. New York ilikuwa bado inatambua mabaki ya waliokufa Septemba 11, 2001 zaidi ya miaka 20 baadaye.

Sisi ni kamati ya mnara wa kumbukumbu. Tuna majina 64, na tumegawanyika: tuyapange kwa alfabeti, kwa umri au kwa familia? Wengine wanataka picha.

Tunapendekeza familia na ukaribu. Ukuta wa kumbukumbu ya wanajeshi wa Marekani wa vita vya Vietnam, uliobuniwa na Maya Lin na kufunguliwa Washington mwaka 1982, umepanga majina kwa mfuatano wa tarehe za kufa au kupotea. Waliokufa siku moja wako pamoja, ila mgeni huhitaji kitabu cha kumwonyesha jina lilipo. Kwa kumbukumbu ya Septemba 11 ya New York, yenye majina 2,983, ndugu waliombwa waseme nani akae karibu na nani, zikaja takribani maombi 1,200, na yalishughulikiwa. Kwa majina 64 kazi hiyo inamalizika mezani kwa siku chache. Alfabeti hutenganisha mama na mtoto wakiwa na majina tofauti ya ukoo, na ndugu wataliona hilo kila wakija.

Kinachoharibika mara nyingi zaidi ni tahajia. Kila familia iandike jina kwa herufi kubwa, ndugu wawili wasaini, lilinganishwe na cheti, kisha orodha nzima ichapishwe kwa ukubwa halisi na kubandikwa siku 30 watu waipitie. Amueni mapema kuhusu mtoto aliyekuwa hajapewa jina, na aliyekufa kwa majeraha miezi baadaye. Acheni nafasi tupu, angalau ya majina sita.

Majina yachongwe, yasipakwe rangi tu, ili yashikike kwa vidole, na yawe kati ya sentimita 70 na 180 kutoka ardhini, mtoto na mwenye kiti cha magurudumu wayafikie. Matale (mawe ya graniti) hudumu; mawe ya chokaa huliwa na mvua. Mabamba ya shaba huibiwa. Picha hufifia juani, kwa hiyo zikae ndani, kwenye kitabu chenye ukurasa mmoja kwa kila mtu.

Tena, fedha zisiishie kwenye jiwe. Oktoba 21, 1966 lundo la taka za mgodi liliporomokea kijiji cha Aberfan, Wales, likaua watoto 116 na watu wazima 28. Wafiwa walidai malundo yaliyobaki yaondolewe, na pauni 150,000 zikachukuliwa kutoka mfuko wao wa msiba kulipia kazi hiyo, zilirudishwa 1997. Sheria ya usalama wa malundo ilipitishwa 1969. Kama chanzo cha vifo vya watu wenu bado kipo, kiwe ajenda ya kwanza ya kamati, na gharama yake idaiwe kwa anayewajibika, si kwa mfuko wa wafiwa.

Kisha matunzo. Kamati huzeeka na kuhama. Mkabidhini mtu mmoja, mwenye umri chini ya miaka 40, ufunguo, orodha iliyosainiwa na namba ya fundi, na mwaka unaofuata mtafuteni msaidizi wake. Kuosha ni mara mbili kwa mwaka, maji safi na brashi laini, bila asidi wala brashi ya waya.